Mbunge Hana Jinsia, Kiti Kinayo

Novemba 2010, Bunge la Tanzania lilimpata Spika wa kwanza mwanamke. CCM ilikuwa imepeleka majina matatu, yote ya wanawake, na Anne Makinda, mbunge wa Njombe Kusini, akakikalia kiti alichokiacha Samuel Sitta. Wabunge waliposimama kuchangia walianza kama walivyozoea kuanza: "Mheshimiwa Spika." Hakuna kanuni iliyorekebishwa wala kamati iliyokaa kuamua bosi mpya aitweje.

London mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mwaka 1987 Betty Boothroyd alipoanza kuongoza vikao vya Baraza la Makabwela akiwa Naibu Spika, mbunge mmoja alimuuliza wamwiteje, maana kwa karne nyingi kiti kile kilisemeshwa kwa jina la bwana. Akajibu wamwite Madam. Miaka mitano baadaye akawa Spika kamili, na jibu lile likawa utaratibu.

Tofauti hii hutufanya sisi wasemaji wa Kiswahili tujione tumeshavuka mto ambao wenzetu bado wanautafutia kivuko. Marekani wanabishana juu ya cheo cha mjumbe wa Kongresi, ambacho kwa mazoea kimebeba ndani yake neno "mwanamume" tangu kabla Jeannette Rankin wa Montana hajachaguliwa mwaka 1916, akiwa mwanamke wa kwanza kuingia humo. Januari 2021 Baraza la Wawakilishi la huko lilipitisha kanuni zilizoondoa maneno ya jinsia katika maandishi yake, kelele zikawa nyingi. Kwetu mbunge ni mbunge. Diwani, seneta, gavana, waziri, mwenyekiti, katibu, hata rais: kwa jina la cheo peke yake huwezi kujua kama aliyekishika anavaa kanzu au gauni. Ngeli ya watu inampokea kila mtu, na kiambishi "a-" cha "amesema" hakiulizi aliyesema ni nani.

Ndiyo maana hoja ya vyeo visivyo na jinsia huchekwa inapofika Dar es Salaam au Mombasa. Huonekana ni shida ya Kizungu, inayotafutiwa dawa na Wazungu. Mimi nadhani tunacheka mapema. Jinsia haikuondoka katika vyeo vya watunga sheria wetu. Imehama tu kutoka kwenye jina la mtu, ikakaa kwenye jina la kiti, na huko ni vigumu zaidi kuing'oa kwa sababu imeandikwa katika sheria na katika karatasi ya kura.

Tuanze na kwa nini wenzetu wanahangaika. Si ushabiki wa maneno. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya tafsiri iliyosema kwamba katika sheria zote neno la kiume lihesabike kuwa limemjumuisha mwanamke, isipokuwa pale palipotamkwa vinginevyo. Sheria hiyo ilikusudiwa kufupisha uandishi. Lakini mwaka 1867, sheria ya kupanua haki ya kupiga kura ilipokuwa ikijadiliwa, mbunge na mwanafalsafa John Stuart Mill alipendekeza neno "mwanamume" liondolewe, liwekwe "mtu". Hoja yake ilianguka kwa kura 196 dhidi ya 73. Mwaka uliofuata wanawake wa Manchester waliojaribu kujiandikisha walifika mahakamani, wakiishika ile sheria ya 1850 kama ngao: kama "mwanamume" ni pamoja na mwanamke, basi na sisi tumo. Majaji wakakataa. Kwa hiyo neno la kiume lilimjumuisha mwanamke alipotakiwa kulipa kodi au kwenda jela, likamwacha nje ilipofika zamu ya kura. Anayeona mjadala wa vyeo ni wa kupoteza muda aikumbuke hukumu ile. Uingereza yenyewe ilisubiri mpaka 2007 serikali ilipotangaza kwamba miswada yake itaandikwa bila kumchukulia kila mtu kuwa mwanamume.

Sheria za Tanzania zilizorithiwa au kuandikwa kwa Kiingereza zilikuja na mtindo huohuo: waziri, mkurugenzi, mwenyekiti, wote wakitajwa kwa kiwakilishi cha kiume. Mabadiliko ya mwaka 2021, kwa Sheria Namba 1 ya mwaka huo, yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, yanafanya kazi moja ambayo hayakuitangaza. Sheria inapogeuzwa kuwa ya Kiswahili, yule "bwana" aliyejificha katika kiwakilishi anayeyuka. Mill angeshangaa jinsi lilivyopatikana kwa urahisi lile "mtu" aliloligombania.

Hata hivyo tusijipe sifa ya urithi kamili. Kiswahili kimewahi kuwa na vyeo vyenye jinsia, tena vya ofisini. Bwana shamba alikuwa bwana shamba hata alipokuwa mwanamke, mpaka watu wakaanza kusema bibi shamba. Kulikuwa na bwana afya na bwana mifugo, na upande wa pili bibi maendeleo, mgawanyo unaoonyesha waziwazi nani alidhaniwa kufaa kazi gani: ng'ombe na mbolea kwa mabwana, mapishi na malezi kwa mabibi. Leo utumishi wa umma unasema afisa ugani, afisa mifugo, afisa afya, afisa maendeleo ya jamii. Mabadiliko yalifanyika bila maandamano. Vijijini wengi bado wanasema bwana shamba na hakuna anayekasirika, lakini tangazo la kazi halisemi hivyo tena. Kwa hiyo tumeshabadilisha vyeo vyetu sisi wenyewe, bila kusubiri kuambiwa na mtu wa nje.

Na lugha isiyo na jinsia katika sarufi si kinga. Wafini wana kiwakilishi kimoja tu cha mwanamume na mwanamke, kama sisi. Mwaka 1907 walichagua wanawake 19 kuingia bungeni, wa kwanza duniani. Lakini Spika wao huitwa kwa neno ambalo nusu yake ni "mwanamume", na Riitta Uosukainen alipokuwa Spika mwanamke wa kwanza mwaka 1994 alikichukua cheo hicho kilivyo.

Sasa turudi nyumbani, kwenye kiti. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 97, imeweka katika Bunge la Taifa wabunge 290 wa maeneo bunge, wanawake 47 wanaochaguliwa mmoja kila kaunti, na 12 wa kuteuliwa na vyama. Wale 47 ni wabunge kwa ukamilifu: wanapiga kura bungeni, wanaleta miswada, wanakaa katika kamati. Wanachaguliwa na wapiga kura wote wa kaunti, wanaume kwa wanawake. Mgombea wa Kakamega au Nakuru hutafuta kura katika eneo kubwa kuliko la mbunge yeyote wa eneo bunge ndani ya kaunti yake, kwa sababu eneo lake ni lilelile la gavana na seneta. Je, anaitwaje? Mwakilishi wa Wanawake. Kwenye mabango wengine hujiita Mama Kaunti. Siku ya uchaguzi karatasi yake ni ile ya zambarau.

Jina hilo si la kweli. Mvuvi wa Lamu aliyempigia kura anawakilishwa na nani, kama huyu ni mwakilishi wa wanawake? Katiba haikusema kwamba mbunge huyu anawawakilisha wanawake; ilisema kwamba aliyechaguliwa awe mwanamke. Hayo ni mambo mawili. La kwanza linahusu kazi yake, la pili linahusu nani anaruhusiwa kugombea. Mazoea ya kampeni, magazeti na wachapaji wa karatasi za kura yakayachanganya, na cheo kikatoka kimepinda. Baada ya uchaguzi wa 2013, wabunge hawa walibezwa kuwa ni wa kushika maua tu kwenye arusi ya wenyewe. Swali "kazi yao hasa ni nini?" limerudi katika kila uchaguzi tangu hapo, na wengi wanaoliuliza hawajui kwamba jibu ni fupi: kazi yao ni ya mbunge. Nusu ya dharau hiyo, kwa maoni yangu, imepandwa na cheo. Ukimwita mtu mwakilishi wa wanawake, usishangae mwanamume akimwona hamhusu, na mbunge wa eneo bunge akimwona mgeni.

Uganda ilitangulia. Tangu 1989 kila wilaya hupeleka mwanamke mmoja bungeni, na kwa kuwa wilaya zimezidi kuongezeka, kufikia uchaguzi wa 2021 viti hivyo vilikuwa 146. Hesabu ya wanawake bungeni imekuwa ikipanda pamoja na hesabu ya mipaka mipya ya wilaya. Huko nako wanaitwa wabunge wanawake wa wilaya, kana kwamba mwanamke aliyeshinda jimbo la kawaida ni kitu kingine.

Rwanda ina viti 24 vya wanawake kati ya 80, na tangu 2008 wanawake ni wengi kuliko wanaume katika Bunge lake. Wakishaapa, mbunge wa kiti kilichotengwa na mbunge wa orodha ya chama hawatofautiani kwa cheo. Kufikia hapo jinsia inabaki ni habari ya namna ya kuingia, na haimfuati mtu mpaka kwenye kadi yake ya kazi.

Tanzania ina jambo zito zaidi. Viti maalumu vya wanawake vilianza mwaka 1985 vikiwa 15, vikakua hadi 113 katika Bunge la 2015. Katiba inataka wabunge wa aina hii wasipungue asilimia 30. Hawapigiwi kura na wananchi: chama hupeleka orodha, Tume ya Uchaguzi hugawa viti kwa uwiano wa kura za wabunge ambazo chama kimepata. Cheo chao cha kisheria ni mbunge, lakini magazeti huongeza mkia kila mara, "Mbunge wa Viti Maalumu", na mkia huo una uzito wa kweli. Ibara ya 51 inamtaka Rais amteue Waziri Mkuu kutoka miongoni mwa wabunge wa kuchaguliwa majimboni. Mwanamke wa viti maalumu anaweza kuwa waziri mzuri kupindukia, lakini mlango wa Waziri Mkuu umefungwa. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, unamfuata mbunge wa jimbo. Wa viti maalumu hana jimbo, basi hana mfuko. Kenya angalau iliwaundia wale 47 mfuko wao wa kaunti.

Novemba 2020 ilionyesha udhaifu huu ulivyo. Wanachama 19 wa CHADEMA, akiwamo Halima Mdee aliyekuwa mbunge wa Kawe kwa miaka 10, waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu. Chama kikasema hakikuwapendekeza, kikawafukuza uanachama. Mitaani wakapewa jina la utani la Covid-19. Ubishi wa nani alisaini nini ulikwenda mahakamani na sitauingia hapa. Linalonigusa ni kwamba mtu yuleyule aliyekuwa Mbunge wa Kawe, mwenye watu wa kumpa au kumnyima kura, aligeuka kuwa mbunge ambaye hatima yake ilijadiliwa baina ya chama, Tume na Spika. Neno "mbunge" halikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni nani anayeweza kumwondoa.

Kwa hiyo tunapojisifu kwamba cheo chetu hakina jinsia, tukumbuke kwamba kiti kinayo, na kiti ndicho kinacholeta mamlaka.

Kuna na namna ya kusemeshana. Tanzania Bara na Zanzibar, "Mheshimiwa" limemaliza kazi, na halina jike wala dume. Kwenye kumbukumbu za Seneti ya Kenya hali ni nyingine: anayechangia kwa Kiswahili husema "Bw. Spika", na akikalia kiti mwanamke, "Bi. Spika wa Muda". Hicho ni Kiingereza cha Westminster kilichovaa kanzu. Bunge la Taifa la nchi hiyohiyo husema "Mhe. Spika" na shughuli inakwenda vizuri tu. Sioni sababu ya Seneti kuendelea kubeba mzigo ambao lugha yenyewe haikuudai.

Kabla ya Mheshimiwa kutawala kila mahali, Tanzania ilikuwa na Ndugu. Katika enzi ya Azimio la Arusha, kiongozi na mkulima, mwanamume na mwanamke, wote walikuwa Ndugu, na CCM bado inalitumia neno hilo vikaoni. Wengi hulikumbuka Ndugu kama neno la usawa wa matabaka. Mimi nalikumbuka pia kwa usawa wa jinsia. Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru, na waziri yeyote wa kiume waliweza kuitwa kwa neno moja. Mheshimiwa nalo halina jinsia, lakini limeleta ngazi: tumebaki na usawa wa mke na mume, tukaupoteza wa mheshimiwa na raia.

Halafu kuna Mama. Mama Makinda, Mama Samia. Ni neno la heshima na upendo, na mwanasiasa mjanja hulitumia kama mtaji. Kwenye kampeni linaingia nyumbani kuliko cheo chochote. Lakini lina masharti. Mama hutarajiwa awe mpole, asamehe, alee. Akifukuza mbunge mtovu wa nidhamu ataambiwa mama gani huyu. Mwanamume akifanya hivyo ni Spika mkali. Machi 2021, akimuaga mtangulizi wake mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alilikata jambo hili mbele ya watu: aliyesimama hapa, alisema kwa maana hiyo, ni Rais, mwenye maumbile ya mwanamke. Cheo kwanza, maumbile baadaye. Kwa mpangilio huo alisema mengi kuliko vitabu vya kanuni. Lakini zingatia pia kwamba ilimlazimu kulisema.

Ilimlazimu kwa sababu neno lisilo na jinsia katika sarufi lina jinsia katika vichwa vyetu. Magazeti huandika "mbunge mwanamke" mara kwa mara. "Mbunge mwanamume" utalitafuta mpaka uchoke. Maana yake ni kwamba mbunge, akiachwa peke yake, tunamwona mwanamume. Na ukumbi wenyewe umejengwa kwa picha hiyo. Agosti 2019 Zuleikha Hassan wa Kwale aliingia Bunge la Taifa Nairobi na mtoto wake wa miezi mitano, akaamriwa atoke, kwa kuwa kanuni ilimwona yule mtoto kuwa mgeni ukumbini. Juni 2021 Condester Sichalwe, mbunge wa jimbo la Momba, alitolewa nje jijini Dodoma baada ya mbunge wa kiume kulalamikia suruali yake. Wote wawili walikuwa waheshimiwa. Wote wawili walisemeshwa kwa cheo kisicho na jinsia wakati wanatolewa.

Hapa ndipo Wafaransa wanapostahili kusikilizwa, maana wao wamekwenda njia ya kinyume. Waingereza na Wamarekani wanataka jinsia ifutwe katika cheo. Wanawake wa Ufaransa wanataka iandikwe. Kwao cheo cha kiume kwa mwanamke kinamficha. Oktoba 2014 mbunge Julien Aubert aling'ang'ania kumwita Sandrine Mazetier, aliyekuwa akiongoza kikao cha Bunge mjini Paris, kwa cheo cha kiume. Alikatwa robo ya posho yake ya mwezi. Miaka mitano baadaye Akademia ya Ufaransa, iliyokuwa ikipinga kwa miongo, ikaridhia vyeo vya kike. Wakongo wanaosema Kifaransa wanafuata mkondo huo: Judith Suminwa Tuluka, aliyeteuliwa 2024, ni Waziri Mkuu kwa umbo la kike. Taarifa ya Kiswahili ya Goma au Bukavu humwita Waziri Mkuu tu, na msikilizaji asiyelijua jina lake anaweza asigundue kwamba serikali inaongozwa na mwanamke.

Hoja hiyo ina nguvu. Msichana wa Singida anayesikia redioni "Spika amesema" hajifunzi kwamba Spika anaweza kuwa mtu kama yeye. Lakini dawa ya kuongeza "mwanamke" nyuma ya cheo ina sumu yake: inamtangaza mwenye cheo kuwa ni wa pekee, siku zote wa kwanza, siku zote aliyebahatika. Tulipompata Spika Tulia Ackson mwaka 2022, mwanamke wa pili baada ya Makinda, vyombo vingi vilimtaja kwa jina na cheo, na jina likafanya kazi yake. Kwa Kiswahili, jina na picha vinatosha. Kiambishi kipya cha kike sikitaki, na sijakutana na mwanamke mbunge anayekidai.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana. Vyumba vya habari viache mkia pale usipohusika: mbunge wa viti maalumu akichangia bajeti ya maji atajwe kuwa mbunge, na aina ya kiti itajwe pale tu habari inapohusu kiti. Kwa Tanzania cheo hakitatibu ibara ya 51. Kama wanawake watapelekwa bungeni kwa orodha za vyama bila jimbo, watabaki na neno zuri na mamlaka pungufu, na hilo ni la wajumbe wa katiba mpya, watakapokaa.

Kenya kazi ni nyepesi zaidi. Aliyechaguliwa na kaunti nzima aitwe Mbunge wa Kaunti. Sharti la kuwa mwanamke libaki palepale kwenye Katiba, kwa sababu nchi ambayo Jaji Mkuu wake wa wakati huo, David Maraga, alimshauri Rais mnamo Septemba 2020 kulivunja Bunge kwa kushindwa kutimiza kanuni ya jinsia moja kutozidi thuluthi mbili, bado inavihitaji viti hivyo. Lakini karatasi ya zambarau inaweza kuchapwa upya kwa maneno matatu tu, Mbunge wa Kaunti. Hakuna kura ya maoni inayohitajika, kwa kuwa jina la Mwakilishi wa Wanawake halimo katika ibara ya 97.